Pete za Darubini Zilivyonilia Msimu Mzima

Nilimaliza risasi 60, masanduku matatu kamili, nikitafuta ugonjwa wa bunduki ambayo haikuwa inaumwa. Nilibadilisha aina ya risasi, nikaenda kupima macho, nikaisema vibaya darubini mbele ya wenzangu. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye vipande viwili vya chuma nilivyovinunua dakika ya mwisho bila hata kuvigeuza mkononi: pete za kushikia darubini.

Nitaeleza kama yalivyofuatana, makosa na yote, maana nikiyapanga vizuri mtadhani nilijua nilichokuwa nafanya.

Nilikuwa nimepata bunduki ya bolti, ile unayoifungua na kuifunga kwa mkono kila risasi, ya kipimo cha .30-06, ya mkono wa pili lakini iliyotunzwa. Baada ya miaka ya kuwinda kwa vilengeo vya chuma niliona macho yangu yanastahili msaada. Darubini niliyoichagua, yenye kioo cha mbele cha milimita 50 na ukuzaji wa mara 3 hadi 12, ilikaribia bei ya bunduki yenyewe. Nikalipa, nikabaki na chenji, na chenji hiyo ndiyo iliyonunua pete. Pete ndizo zinazobeba darubini bunduki inapopiga teke, mimi nikazinunua kama mtu anayenunua kamba za viatu.

Jozi ya kwanza haikuingia kabisa. Mabomba ya darubini za kuwindia mengi huwa na unene wa milimita 25.4, yaani inchi moja, au milimita 30, na zipo pia za milimita 34. Yangu ilikuwa ya 30 na boksi lilisema hivyo, lakini nilichukua pete za inchi moja kwa kuwa ndizo zilizokuwa karibu. Nikazirudisha. Kosa hilo angalau linajionyesha mara moja. Baya ni la upande wa pili, pale mtu mwenye bomba la inchi moja na pete za 30 anapozungushia bomba utepe wa umeme mpaka pete ibane. Utepe ukipata joto unateleza, na darubini inateleza nao. Zipo bushi zilizochongwa kwa vipimo kwa kazi hiyo.

Jozi ya pili ilikuwa ya milimita 30 na ilizunguka bomba vizuri, ila haikukubali kukaa kwenye bunduki. Bunduki yangu ilikuja na vitako viwili vya aina ya Weaver, yaani vipande vya chuma vya kukalia pete, kimoja mbele na kimoja nyuma, na pete nilizonunua zilikuwa za aina nyingine, Picatinny. Kwa macho mifereji ya aina hizi mbili inafanana kama mapacha. Ukiipima ndipo unaona: ya Picatinny, kwa kiwango cha jeshi la Marekani cha mwaka 1995, ina upana wa milimita 5.23 na hupangana kwa hatua moja ya milimita 10.01 kutoka katikati hadi katikati. Ya Weaver ina upana wa milimita 4.57, na umbali kati yake haufuati hatua maalumu. Matokeo yake ni kwamba pete ya Weaver kwa kawaida hukaa kwenye reli ya Picatinny, ila pete ya Picatinny yenye kipingo kinene, kile kipande cha chini ya pete kinachozama kwenye mfereji, haishuki kwenye mfereji wa Weaver.

Tofauti ni kama theluthi mbili za milimita. Badala ya kurudisha pete kwa mara ya pili, nikachukua tupa.

Nilikaa jioni nzima nikiitanua ile mifereji kwa mkono, taa ikiwa nyuma yangu na kivuli changu juu ya kazi. Kipingo kikaingia. Kikaingia vizuri mno, kwa kweli, maana ukikitikisa kilikuwa na nafasi ya kupumua. Nikajiambia nikikaza nati kitatulia.

(Bunduki nyingine hazihitaji kitako wala reli, zina mfereji mwembamba uliochongwa juu ya mwili wake. Tikka T3 inashika pete za milimita 17, CZ 550 za milimita 19, na bunduki nyingi za .22 huchukua za milimita 11. Kabla ya kununua chochote, jua juu ya bunduki yako kuna nini.)

Kisha suala la kimo. Hesabu yangu ilikuwa fupi: kioo kikubwa, basi pete ndefu. Pete hizo nilizichagua ndefu kuliko zote. Darubini ikakaa juu kama tandiko la ngamia, na ili nione picha kamili ilinibidi niinue shavu kwenye kitako cha mbao cha bunduki mpaka kidevu ndicho kikawa kinagusa mbao. Ukilenga kwa kidevu, kichwa hakirudi mahali pamoja mara mbili. Leo jicho liko hapa, kesho liko kidole kimoja kando, na shingo inachoka kabla mnyama hajatokea.

Kukaza ndiko nilikomalizia uharibifu. Nilikaza upande mmoja wa pete mpaka mwisho, nikahamia upande wa pili, kwa kifunguo kirefu na nguvu zangu zote. Pete ya nyuma niliibana karibu kabisa na pale pa kuzungushia ukuzaji. Ukuzaji ukawa mgumu, kama kifuniko cha chupa ya asali iliyoganda. Nikasema darubini mpya lazima iwe ngumu kidogo.

Siku ya kwanza kwenye shabaha, risasi ya nne ilinipasua nyusi. Niliyapanga masafa ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na darubini, nikiwa nimesimama wima sebuleni, shati jepesi, ukuzaji kwenye mara 3, ambapo darubini inakusamehe sana. Kwenye meza ya kulengea unajikunja mbele, jicho linasogea bila wewe kujua, na .30-06 haiulizi. Ukingo wa darubini uliniachia alama ya mwezi mchanga juu ya jicho la kulia, na damu ikashuka mpaka kwenye kola. Maumivu yalipita. Kilichobaki ni woga: kwa wiki kadhaa kila nilipogusa kifyatulio nilifumba macho kabla ya mlio, na nikaanza kuamini kwamba mimi ndiye ninayetawanya risasi.

Maana zilitawanyika kweli. Tatu ziko pamoja, ya nne kiganja kizima kushoto. Unasahihisha kwenda kulia, inayofuata inapiga pale pa zamani, na sasa umezidi kulia. Siku moja nikapata kundi zuri la risasi tatu, nikasema imekubali, nikafunga vitu vyangu. Sikupiga nyingine tatu kuhakikisha.

Jumamosi iliyofuata nilimpiga nguruwe mwitu, mita kama 80, amesimama ubavu, bunduki imeegemea gogo. Shabaha ya mtu anayeanza. Msalaba wa darubini ulikuwa nyuma ya bega, nina uhakika. Risasi ilimpata nyuma sana, tumboni. Tulimfuata mimi na mwenzangu kwa saa tatu, tukitafuta matone kwenye majani, na tulipomfikia jua likiwa linazama alikuwa bado anapumua. Mwenzangu ndiye aliyemmaliza. Hakunisema, na nadhani ningependa angenisema.

Wiki hiyo nikaipeleka bunduki kwa mzee mmoja fundi bunduki. Nilianza kumweleza habari za risasi, upepo, macho. Hakujibu. Alihakikisha chemba ni tupu, akachomoa bolti, akaibana bunduki kwenye jiliwa akiwa ameizungushia kitambaa, kisha akaweka ncha ya kidole kwenye mshono kati ya pete ya mbele na kitako chake. Kwa mkono mwingine akaipiga darubini kofi dogo.

"Weka kidole chako hapa, mwanangu."

Nikaweka. Akapiga tena. Chini ya ngozi ya kidole nilihisi kitu kikisogea, kidogo sana, kama mshipa unavyopiga.

"Hiyo ndiyo risasi yako ya nne," akasema.

Alipofungua tukaona ukuta wa mbele wa ule mfereji niliouchonga umeng'aa kama sarafu mpya mahali kipingo kilipokuwa kikigonga. Juu ya bomba, chini ya pete ya nyuma, kulikuwa na bonde dogo ambalo huwezi kuliona mpaka uligeuzie mwanga. Akapitisha ukucha juu yake, akanitazama. "Na hii tupa, nani alikupa?"

"Yangu mwenyewe, mzee."

"Ifungie."

Alinionyesha kwa hesabu ya kidole kwa nini mtikisiko mdogo vile unaleta balaa kubwa vile. Pete zangu zilikuwa sentimita 10 kutoka moja hadi nyingine. Pete moja ikihama kwa sehemu ya kumi ya milimita, unene wa karatasi, darubini imegeuka kwa moja ya elfu. Kwenye mita 100, moja ya elfu ni sentimita 10. Hapo ndipo hasira yangu dhidi ya darubini iliponiisha.

Hakuwa na haraka, akaniruhusu nifanye mwenyewe akiangalia.

Vitako vya zamani tulivitupa, tukaweka reli ya Picatinny ya kipande kimoja. Napenda kipande kimoja kwa sababu kinakupa mifereji mingi ya kuchagua, na kwa bunduki yenye mwili mrefu kama ya .30-06 hilo linasaidia sana. Bomba fupi la darubini wakati mwingine halifiki vitako vyote viwili bila pete kugongana na kile kiuno chenye vifundo vya kurekebishia. Tuliyasafisha matundu ya skrubu kwa asetoni mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Hapo nikafanya kosa jingine: nilichanganya skrubu. Za reli hazikuwa na urefu mmoja, nami nikaweka ndefu mbele. Bolti ikaanza kukwama. Skrubu ya mbele ikizidi inachomoza ndani na kugusa bolti, na mtu asiyejua ataishia kuilazimisha. Ukishafunga reli, rudisha bolti, ifungue na kuifunga mara kadhaa. Ikibadilika hata kidogo kuliko ilivyokuwa, toa skrubu uzipime upya.

Gundi ya skrubu tuliweka tone moja kwenye skrubu za reli tu, ile ya bluu yenye nguvu ya wastani. Nyekundu usiiguse, kuifungua kunahitaji moto. Kwenye vifuniko vya pete hatukuweka kitu, na mzee alinikumbusha kwamba uzi uliolowa, iwe mafuta au gundi, hubana zaidi kwa mkazo uleule, kwa hiyo mkono wako unadanganyika.

Kimo cha pete mpya tulikitafuta kwa rula, na hili nataka mlielewe kuliko yote. Maneno "fupi", "wastani" na "ndefu" hayana maana ya pamoja. Wastani wa kampuni moja ni ndefu ya nyingine. Zaidi ya hapo, wengine hupima kutoka juu ya reli hadi katikati ya bomba, wengine hadi ukingo wa chini wa bomba, na kwa bomba la milimita 30 hiyo ni tofauti ya milimita 15. Tafuta namba, kisha uliza imepimwa vipi.

Hesabu yangu ilikwenda hivi. Kioo cha milimita 50 kina ganda lake, kwa hiyo upana wa nje ulikuwa milimita 57, nusu yake 28.5. Niliongeza 3 za nafasi ili isiguse mtutu, nikapata 31.5. Kutoka juu ya reli kushuka hadi mgongo wa mtutu, pale kioo kitakapokaa, kulikuwa na milimita 8, nikazitoa. Ikabaki 23.5. Hicho ndicho kimo cha chini kabisa kutoka reli hadi katikati ya bomba, na kwa anayepima hadi ukingo wa bomba ni 8.5. Pete zangu za zamani zilikuwa zimezidi hapo kwa karibu sentimita moja na nusu! Tukachukua zilizo juu kidogo tu ya kiwango hicho, tukaangalia mkono wa bolti unapita chini ya mkia wa darubini bila kugusa, na mfuniko wa kioo unaingia. Shavu likalala kwenye mbao kwa mara ya kwanza. Kama kitako cha mbao cha bunduki yako ni cha chini na shavu bado linaelea hata kwa pete fupi inayowezekana, inua kitako kwa pedi ya shavu.

Pete zikashushwa kwenye reli, na kabla ya kukaza tukazisukuma zote mbili mbele mpaka vipingo vikagusa ukuta wa mbele wa mfereji. Bunduki ikirudi nyuma kwa teke, darubini kwa uzito wake inataka kubaki ilipo, kwa hiyo ukiitazama kutoka kwenye bunduki ni kama inakimbia mbele. Ikiwa tayari imegusa ukuta, haina pa kukimbilia. Hili halina gharama yoyote na sijui kwa nini hakuna aliyeniambia.

Kuhusu kusugua pete kwa unga wa kusagia ili zilale sawasawa: watu hulipenda hilo kama dawa ya kila kitu. Mzee alilaza chuma kilichonyooka kwenye nusu za chini za pete zote mbili, kikalala bila kutikisika, akasema hapa hakuna cha kusugua. Naona ni sahihi. Pete nzuri kwenye reli iliyonyooka huna haja ya kuzisugua, na pete mbaya kuisugua ni kuipaka rangi nyumba iliyopasuka.

Masafa ya jicho nilipanga upya, safari hii kwa adabu. Koti la kuwindia mwilini, ukuzaji kwenye mara 12, vifuniko vya pete vimewekwa lakini bado vimelegea. Unafumba macho, unapandisha bunduki begani mpaka shavu litulie, ndipo unafumbua. Picha ikiwa na kivuli pembeni, unasogeza darubini, sio kichwa. Nilirudia nikiwa nimesimama, nimekaa na nimelala kifudifudi, maana kila mkao unasogeza jicho. Darubini yangu inataka kama sentimita 9. Nikaisukuma mbele kidogo zaidi ya nilivyohitaji. Nyusi yangu ndiyo iliyopiga kura.

Kunyoosha msalaba tulitumia timazi: uzi mweupe wenye uzito chini, umening'inia ukutani mita 10 mbele, na pima maji ndogo juu ya reli kuhakikisha bunduki yenyewe haijainama. Unazungusha darubini mpaka mstari wa wima ulale juu ya uzi. Sitawatisha: kwa masafa ya kawaida ya mwindaji, mwinamo mdogo hauui mtu. Ila ukiwa na tabia ya kuzungusha vifundo kwa masafa marefu utauona. Kupandisha sentimita 40 kwa msalaba ulioinama nyuzi 5 kunakupeleka kando sentimita 3 na nusu.

Shida ni kwamba kukaza vifuniko kunaizungusha darubini tena. Dawa yake ni uvivu. Robo mzunguko hapa, robo pale, kwa mshalali kama unavyokaza nati za gurudumu, ukitazama mianya ya pande mbili za pete ibaki sawa. Nilitazama uzi kila raundi na mara mbili nikalegeza nikaanza upya. Mwisho tukatumia bisibisi ya kupimia mkazo: paundi-inchi 15 hadi 18 kwa vifuniko, sawa na karibu nyutonimita 2, isipokuwa karatasi ya mtengenezaji iseme vingine. Nilipoishika nilicheka. Mkazo ule ni mdogo kuliko unavyofunga bomba la maji. Mimi nilikuwa nimezidisha mara nyingi kiasi gani, Mungu ndiye ajuaye. Nati za kubana reli zinataka zaidi, na hutofautiana sana kati ya pete na pete, kwa hiyo zisomee.

Kwenye shabaha tulianza mita 25. Bolti nje, bunduki imetulia kwenye mifuko ya mchanga, unatazama ndani ya mtutu mpaka duara la shabaha likae katikati, kisha bila kuigusa bunduki unaleta msalaba hapohapo kwa vifundo. Risasi ya kwanza ikaingia kwenye karatasi. Zamani nilikuwa namaliza risasi sita kutafuta karatasi iko wapi. Tukaenda mita 100, ambako mlio mmoja wa kifundo changu husogeza risasi milimita 7. Tatu za kwanza zikalala ndani ya sentimita 4. Nikapiga nyingine tatu, nikaenda nikizihesabu njiani. Ndani ya sentimita 4. Nikalegeza mabega ambayo sikujua nilikuwa nimeyakaza tangu mwezi wa pili.

Baada ya risasi 20 nilikagua mkazo tena, skrubu moja ya pete ya mbele ikakubali kidogo, nyingine hazikusogea. Nimezipaka kila moja mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaovuka kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Mstari ukivunjika nitajua kabla ya mnyama kujua.

Bonde kwenye bomba bado lipo, chini ya pete ya nyuma, na ukuzaji ulilainika mara tu tulipoisogeza pete hiyo kutoka pale nilipoibana. Zile pete ndefu ziko kwenye droo. Jamaa mmoja aliziomba juzi kwa bunduki yake mpya, darubini ya milimita 50, anataka apate haraka kabla ya mwisho wa wiki. Nikamuuliza juu ya bunduki yake kuna reli gani. Akasema ya kawaida tu. Nikamwambia aje na bunduki, mimi nitamletea rula.